Mwezi wa kitabuni umesimama, wa kwetu umelala

Hotuba kwa walimu wa shule za msingi na wazazi, Arusha. Nilisimama na karatasi nne mkononi nikasoma mbili tu. Haya ndiyo niliyosema, nimeyanyoosha kidogo.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi watoto mlioketi mkekani hapa mbele, habari za mchana.

Mratibu amenipa dakika 30. Mwalimu wa hisabati akipewa dakika 30 anajua vizuri zinaisha saa ngapi, ila msitegemee kwamba zikiisha atanyamaza. Nitajitahidi.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonileta hapa. Zamani kidogo, nikiwa bado mgeni kazini, nimetoka Moshi nimehamia Arusha, niliwapa watoto wa darasa la nne kazi ya nyumbani: chora mwezi kila usiku kwa siku 30. Nikawapigia miraba 30 ubaoni, wakainakili daftarini. Ilikuwa Aprili. Naona mnaoijua Aprili ya hapa mmeshaanza kucheka. Mvua ilinyesha kama vile imelipwa. Mlima Meru wenyewe ulipotea wiki nzima, sembuse mwezi.

Siku ya 30 nikakusanya madaftari. Watoto walikuwa arobaini na kitu, na karibu kila mmoja alikuwa na miezi 30, mizuri, imepakwa njano, inakua na kupungua kwa adabu. Daftari moja tu, la mtoto wa kike aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, lilikuwa na miraba 19 mitupu. Ndani ya kila mraba mtupu ameandika kwa herufi ndogo: mawingu. Mmoja ameandika: nililala. Nikampa 11 kwa 30. Wenzake nikawapa 30 kwa 30. Na kwa kalamu nyekundu nikamwandikia yule binti: ongeza bidii.

Ilinichukua miaka kuona nilichofanya. Katika darasa lile zima, yeye peke yake ndiye aliyeutazama mwezi. Wengine waliitazama picha ya kitabuni wakaigawa mara 30. Nami nikalipa uongo kwa alama zote, nikaukata ukweli alama 19.

Kwa hiyo leo sitawafundisha mzunguko wa mwezi kama ulivyo kwenye kitabu cha sayansi. Mnao. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuueleza mwezi, tuwaache watoto wauhesabu. Tumezoea kinyume: tunachora jua, tunachora dunia, tunaweka mishale, tunataja majina manane, mtoto anakariri, mtihani unapita, na mwezi unabaki kule juu haujaangaliwa na mtu. Tena kipindi cha hisabati kinafuata, tunatafuta mfano wa sehemu na tunarudi kwenye machungwa ya Juma na Asha, ambao kwa hesabu yangu wameshagawana machungwa kuanzia enzi za wazazi wetu.

Lugha yetu imeshatufanyia nusu ya kazi. Mwezi wa angani na mwezi wa mshahara ni neno moja. Jirani zetu wanaosema Kimaa nao wana olapa, neno moja kwa vyote viwili. Muulize mtoto wa darasa la tatu: kwa nini kile kitu cha juu na siku za kwenye kalenda tunaviita jina moja? Usijibu. Mpe kopo tupu na vizibo vya soda.

Zoezi ni hili. Siku mwezi ukiandama, yaani ule mwembamba unaoonekana magharibi jua likishazama, mtoto anatumbukiza kizibo cha kwanza. Kila jioni kizibo kimoja, mwezi uonekane usionekane, mpaka uandame tena. Halafu tunamwaga makopo mezani tunahesabu. Wengine watakuwa na 29, wengine 30. Mmoja atakuwa na 26 kwa sababu mdogo wake alicheza na vizibo, na hiyo nayo ni takwimu. Waache wabishane. Mwezi wa pili rudieni. Aliyepata 29 pengine sasa atapata 30. Jumlisha miezi miwili: 59. Sasa gawanya kwa 2.

Hapo, ndugu zangu, 59 inakataa kugawanyika. Inatoka 29, inabaki 1. Na mtoto ambaye siku zote sehemu kwake ilikuwa kipande cha chapati, anakutana na nusu ambayo haiwezi kuliwa: nusu ya siku. Siku 29 na nusu. Hakuisoma mahali. Ameimwaga kutoka kwenye kopo.

Kutoka hapo mwaka ni hatua moja. 29 na nusu mara 12 ni 354. Mwaka wa kalenda ya ukutani ni 365. Toa: 11. Madarasa yetu hapa Arusha yana watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wanaokaa dawati moja, na kila mmoja amewahi kumuuliza mwenzake kwa nini sikukuu yenu inahamahama. Hizi 11 ndizo jibu la upande mmoja. Ramadhani inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa sababu inafuata miezi ya mwandamo. Watoto wenyewe wanaweza kupiga hesabu: ikirudi 11 kila mwaka, itachukua miaka mingapi kuzunguka mwaka mzima? 365 gawanya kwa 11 ni 33 na kidogo. Maana yake mtu aliyefunga Ramadhani ya joto la Januari atasubiri miaka kama 33 aifunge tena Januari. Bibi yake mtoto atathibitisha.

Na upande wa pili? Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baada yake, kwa majedwali ya kanisa. Mwaka 2025 mwezi mpevu ulikuwa Aprili 13, nayo ilikuwa Jumapili, basi Pasaka ikasogea hadi Jumapili iliyofuata, Aprili 20. Mwaka 2026 mpevu ni Alhamisi, Aprili 2, na Pasaka ni Aprili 5. Wakristo wengi tumekula pilau la Pasaka maisha yetu yote bila kujua kwamba tunaungoja mwezi kama majirani zetu wanavyoungoja.

Walimu wa darasa la sita na la saba, nina zawadi yenu. Mwezi mmoja, kwa wastani, ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Zile 29 na nusu tumeshazitumia. Dakika 44 tumezitupa. Sasa zifuatilieni. 44 mara 12 ni dakika 528 kwa mwaka. Kwa miaka 30, ni 528 mara 30, dakika 15,840. Siku moja ina dakika 1,440. Gawanya.

(Hapa nilinyamaza. Kijana mmoja mkekani alijibu kabla ya walimu, na ukumbi ulimpigia makofi.)

Kumi na moja, bila baki. Dakika tulizozitupa zimejikusanya zikawa siku 11 kamili. Wanazuoni wa Kiislamu waliotunga kalenda ya kupiga hesabu, ile isiyongoja macho, walizirudisha hivyohivyo: katika kila miaka 30, miaka 19 ina siku 354 na miaka 11 ina siku 355. Mimi nimesahihisha hesabu za kuzidisha na kugawanya kwa muda mrefu, na sijaona nyingine inayofunga mlango vizuri namna hii.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili. Nilikuwa ubaoni, nimechora mwezi mchanga kama unavyochorwa kwenye picha nyingi, umesimama wima kama mundu ulioning'inizwa ukutani. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, huo umesimama. Wa kwetu umelala." Darasa likacheka. Nikamwambia akae chini.

Jioni ile nikatoka nje na kutazama upande wa Monduli. Umelala. Umelala chali kama bakuli, kama mtumbwi usio na mtu. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimezaliwa Moshi chini ya mwezi huohuo, na sikuwahi kuutazama nikiwa na swali kichwani.

Sababu yake ni rahisi ukishaambiwa. Upande wa mwezi unaong'aa daima umelielekea jua. Sisi tuko nyuzi 3 na kitu tu kusini mwa ikweta, na huku jua halitui kwa mshazari, linadondoka karibu wima. Baada ya kuzama linakuwa chini ya mwezi mchanga, mwanga unaupiga kwa chini, na sisi tunaona bakuli. Ulaya jua huteremka kwa kupinda, kwa hiyo linauangaza mwezi kutoka ubavuni, nao unaonekana umesimama. Picha ya kitabuni haina uongo; ilichorwa tu na mtu aliyekaa mbali sana na hapa. Ipo misimu ambayo hata wetu huinama upande kidogo. Watoto waandike hilo pia, msiwanyooshee.

Msidhani hili ni pambo. Kule mbali watoto hufundishwa kutambua mwezi unaokua na unaopungua kwa kuangalia tumbo lake limeelekea kulia au kushoto. Huku kwetu, ukiwa mwembamba, ujanja huo haushiki. Bakuli la jioni na bakuli la alfajiri ni pacha. La jioni liko magharibi na kesho litanenepa. La alfajiri liko mashariki na kesho litakonda. Umbo peke yake halikwambii kitu. Kwa hiyo kila mraba wa mtoto uwe na mambo matatu: umbo, saa, na upande. Ukikosa saa, mchoro huo ni mapambo.

Na kwenye saa ndipo Kiswahili kinapotubeba tena. Saa zetu zinaanza kuhesabu na jua. Mwezi mpevu unachomoza jua likitua: jua linazama Monduli, mwezi unatokea upande wa Usa River, na kwa dakika chache mtoto akisimama katikati ya uwanja anavinyooshea vyote viwili mikono. Sema ni Jumapili, saa 12 na nusu jioni. Kesho yake utachelewa kama dakika 50. Mtoto anaandika nini? Anaandika saa 12 na dakika 80. Kila mwaka yupo. Msimkemee, hapo ndipo somo la kubeba lilipo: saa moja ni dakika 60 na si 100, kwa hiyo Jumatatu ni saa 1 na dakika 20, Jumanne saa 2 na dakika 10, Jumatano saa 3 kamili. Hizo 50 wenyewe wanaweza kuzitafuta kwa kukadiria: dakika 1,440 za siku, gawanya kwa siku 30, ni 48. Na wale waliofika kwenye pembe, duara lina nyuzi 360, gawanya kwa 30, ni 12 kwa siku. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10. Usiku mmoja hadi mwingine, saa ileile, mwezi umesogea ngumi moja na kipande kuelekea mashariki. Ngumi ya mtoto ni ndogo lakini mkono wake nao ni mfupi, basi kipimo kinalingana.

Sasa chapati. Nimekuja nazo, na nimehesabiwa, kwa hiyo nyie mlio mbele tulieni.

Muulize mtoto: mwezi unaanza haupo, siku ya 15 umejaa. Siku ya 5 utakuwa umejaa kiasi gani? Mtoto mwenye akili atasema theluthi, kwa sababu 5 ni theluthi ya 15. Hesabu yake ni safi, lakini mwezi haukubaliani nayo. Tukianza kuhesabu siku ulipojificha kabisa, robo ya uso wake huangaza kwenye siku ya 5. Nusu inafika siku ya 7 na kitu. Robo tatu, siku ya 10. Kujaa, siku ya 15. Angalieni vipindi: robo ya kwanza imechukua siku 5, ya pili siku mbili na nusu, ya tatu siku mbili na nusu, ya nne tena siku 5. Mwezi unaanza taratibu, unakimbia katikati, unapunguza mwendo ukifika. Kama daladala ya kutoka stendi.

Ndiyo sababu usiku wa 13, wa 14 na wa 15 watoto watagombana upi ndio mpevu, na kila mmoja ataapa. Macho hayawezi kutofautisha. Lakini siku ya 6, ya 7 na ya 8, kila usiku unaongezeka karibu sehemu moja ya kumi, na hata mtoto wa chekechea anaona. Hapa ndipo wanapojifunza kwamba si kila kitu kinachokua kinakua kwa hatua sawa. Tunawangoja mpaka sekondari kuwaambia jambo hili, tunawaambia kwa alama za kigiriki, halafu tunashangaa wanakimbia hesabu. Wawekeni vipande vya chapati mezani, mvikate mpaka vifanane na mchoro wa kila usiku. Kisha wale. Mimi sijawahi kuona zana ya kufundishia inayosafishika mezani haraka hivyo.

Kuna neno moja litawasumbua, nami lilinisumbua. Mwezi ukiwa nusu, vitabu vinauita robo ya kwanza. Mtoto ana chapati nusu mkononi na mwalimu anasema robo. Nani mwongo? Hakuna. Nusu ni ya uso tunaouona. Robo ni ya safari: mwezi umemaliza robo ya njia yake kuizunguka dunia. Nilikuwa naliruka jambo hili kwa sababu linachanganya. Siku hizi nalitumia kama mtego. Naandika ubaoni nusu na robo, nauliza: nusu ya nini? Robo ya nini? Mtoto akizoea kuuliza ya nini kila anapoona sehemu, umemtibu ugonjwa ambao watu wazima wengi wanakufa nao, wakiwemo wanaosoma matangazo ya punguzo la bei.

Kivuli sasa, haraka. Mnyooshe mikono mnaoamini kwamba mwezi unapungua kwa sababu kivuli cha dunia kinaufunika.

(Mikono ilikuwa mingi, na baadhi ilikuwa ya walimu. Sikuhesabu, kwa heshima.)

Shusheni, hamko peke yenu. Chukua chungwa, chomeka kwenye kijiti cha mshikaki, washa taa moja ya sola mwishoni mwa chumba chenye giza. Taa ni jua, chungwa ni mwezi, kichwa chako ni dunia. Lishike chungwa mbele yako juu kidogo ya kichwa, zunguka polepole kwa miguu yako. Nusu ya chungwa daima ina mwanga. Kinachobadilika ni kiasi gani cha nusu hiyo kinaelekea macho yako. Kivuli chako hakijagusa kitu. Sasa rudia, lakini safari hii lishushe chungwa usawa wa kichwa. Ukiipa taa kisogo, kivuli cha kichwa kinalimeza. Huko ndiko kupatwa kwa mwezi.

Tulikuona sote, Jumapili ya Septemba 7, 2025. Uliingia kivulini jioni, kuanzia kama saa 2 na nusu usiku ukawa mwekundu mzima, na kivuli kikaanza kuuachia saa 4 kasoro. Ulifunikwa mzima kwa dakika 82. Mtoto akilinganisha dakika 82 na siku 15 anaona mwenyewe kwamba haya ni mambo mawili tofauti. Na ulikuwa mwezi mpevu, kwa sababu kupatwa kwa mwezi hutokea wakati huo tu. Kwa nini basi haupatwi kila mpevu? Kwa sababu njia yake imeinama kama nyuzi 5, mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli, kama chungwa la kwanza. Kwangu tulitazama na watoto wa mtaa mzima uwanjani, na mzee mmoja akasema enzi zao wangepiga madebe.

Zoezi la mwisho la darasani, nalipenda kuliko yote kwa sababu watu wazima hulikosa vilevile. Weka chungwa mezani, hili sasa ni dunia, sentimita 8. Mwezi ni gololi, kwa sababu dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742 na mwezi 3,474, kidogo zaidi ya robo. Mwambie mtoto aweke gololi mahali anapodhani mwezi upo. Ataiweka umbali wa shubiri moja. Darasa zima litaiweka shubiri moja. Halafu wape namba: kilomita 384,400 kwa wastani. Gawanyeni kwa 12,742. Ni kama 30. Basi machungwa 30 kwa mstari, 30 mara sentimita 8, mita 2 na sentimita 40. Gololi inaondoka mezani, inavuka dawati la pili, inafika karibu na mlango. Kuna ukimya fulani unaingia darasani pale. Kama uwanja unatosha, endeleeni na jua: upana karibu mita 9, umbali karibu kilomita moja. Hapo mnaweza kupata sababu ya kutoka nje ya geti.

Wazazi, sasa ninyi. Najua mmejiuliza: huyu mwalimu anataka mtoto wangu azurure usiku? Hapana. Wiki mbili za kwanza, kuanzia mwandamo hadi mpevu, mwezi upo angani mapema. Saa 1 usiku, mlangoni, pamoja na mtu mzima, dakika tano zinatosha. Ukishajaa unaanza kuchelewa, na mtoto awe amelala. Hapo tunahamia asubuhi. Saa 1 asubuhi, akienda shule, mwezi bado upo upande wa magharibi, mweupe kama chaki iliyofutwa, na kila siku utakuwa juu zaidi mpaka siku ya nusu ya pili utakapokuwa karibu utosini jua likichomoza. Watu wengi hawajui kwamba mwezi hutoka mchana. Mwisho kabisa unakuwa ule mwembamba wa alfajiri. Huo watauona wale wanaopandishwa gari la shule saa 11, na hilo la gari la saa 11 nina hotuba yake nyingine, siku mtakayoniita tena.

Msianze Aprili. Msinifuate mimi. Juni na Julai nazo kuna baridi na mawingu yanayokaa Arusha kama wageni. Septemba na Oktoba ni nzuri, Januari na Februari ni nzuri. Ila mawingu yatakuja tu, na hapa ndipo nawaomba walimu wenzangu, kwenye andalio la somo, muandike mstari mmoja: mraba mtupu wenye sababu una alama sawa na mraba wenye mwezi. Kisha darasa likikutana, miraba mitupu yenyewe tunaihesabu. Mtoto wa Moshono alikosa usiku 6, wa Sakina usiku 9. Wastani? Usiku ambao huyu hakuona, mwenzake aliona? Basi tunaazima, na tunaandika kwamba tumeazima. Na ikiwa siku ya 6 tuliona na ya 8 tuliona, tunaweza kukadiria ya 7, tuichore kwa penseli na si kwa kalamu, ili kila mtu ajue kipi kimeonekana na kipi kimekisiwa.

Yule binti wa dirishani sikumwona tena baada ya kumaliza shule. Alama zake 11 bado zimo kwenye kitabu cha zamani cha maendeleo ya wanafunzi, na kile kitabu sikuruhusiwa kukifuta. Darasani mwangu siku hizi, mtoto akileta miezi 30 iliyonyooka, ndiye ninayemwita mezani kumuuliza.

Mlangoni kuna karatasi za manila zimepigwa miraba 30, kila mwalimu achukue moja, mzazi achukue nusu ya moja. Penseli mje nazo wenyewe. Leo jua likizama, kama saa 12 na nusu, tokeni mtazame upande wa Monduli. Mkiukuta mwezi, choreni ulivyolala, mwandike saa. Msipoukuta, andikeni: sikuuona. Na saa pia.